Manukato ya Familia na Tikitimaji la Uzi: Mwongozo Kamili

Hakuna mafuta asilia ya harufu ya tikitimaji. Hakuna ya embe wala ya stroberi. Kichupa chenye picha ya stroberi na neno "asilia" kimebeba harufu iliyoundwa maabara. Huenda isikudhuru, lakini haikukamuliwa kwenye tunda. Matunda hayo ni maji matupu na harufu yake ni kidogo mno; uyasage, uyapitishe kwenye mvuke, hupati mafuta ya kuweka chupani. Wakarimu ni chungwa na ndugu zake: limau, ndimu, chenza, balungi. Mafuta yao yamo kwenye ganda, ndani ya vifuko vidogo unavyoviona kama vitone ukiliinua ganda kwenye mwanga. Mtu mzima akilikunja ganda bichi la chungwa karibu na mwali wa mshumaa, cheche huruka. Waonyeshe watoto hilo mara moja. Watajifunza kwa pamoja mafuta yanatoka wapi na kwa nini hayasogezwi karibu na moto.

Kwa hiyo kazi zetu ni mbili. Vinavyokubali kuingia chupani, yaani chungwa, limau, mnanaa na vanila, tutavichanganya. Vinavyokataa, yaani tikitimaji na aiskrimu ya kijiti, tutavidarizi kwa mshono wa msalaba kwenye kifuko cha kutilia chupa yenyewe. Ratiba nayo inaelewana: manukato yanataka wiki kadhaa za kukaa gizani bila kuguswa, na wiki hizo ndizo za sindano.

Tia vanila leo, mengine baadaye

Vanila inachukua muda kuliko kitu kingine chochote hapa, kwa hiyo ianze kabla hujanunua hata uzi. Chukua maganda matatu ya vanila, yapasue kwa urefu, kisha yakate vipande vya sentimita moja pamoja na mbegu zake. Tia kwenye chupa safi ya kioo, mimina mililita 50 za ethanoli ya asilimia 95, funga vizuri, bandika karatasi yenye tarehe. Tikisa kila siku kwa wiki ya kwanza, halafu kila unapokumbuka. Baada ya wiki 4 hadi 6 chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Utapata kimiminika cha rangi ya kahawia. Mwanzoni kitanukia alkoholi tu, ila ukikipaka kidogo kwenye karatasi na kusubiri dakika chache, vanila itajitokeza.

Hapa kwenye alkoholi pana maswali mengi, tuyamalize. Vodka ya asilimia 40 haifai, maana zaidi ya nusu yake ni maji, na mafuta ya harufu hayayeyuki kwenye maji: mchanganyiko unakuwa na ukungu, kisha mafuta yanaelea juu. Tafuta ethanoli isiyopungua asilimia 90, ya kiwango cha chakula au ile inayouzwa kwa watengeneza manukato. Spiriti ya kuchomea usiiguse kabisa kwa kazi hii. Mara nyingi ina methanoli, ambayo ni sumu na hupenya hata ngozini. Ile ya kusafishia vidonda ina harufu yake kali isiyokubali kufunikwa. Na kama alkoholi haipatikani au hamuitaki nyumbani, msihangaike. Manukato ya mafuta na ya nta yanajitegemea. Nayapenda zaidi, kwa sababu hukaa karibu na ngozi na hayamfuati mtu aliyekaa kiti cha tatu.

Kabla mtoto hajagusa chupa

Sehemu hii ni ndefu kwa makusudi. Tone moja la mafuta ya harufu ni mmea mwingi uliobanwa pamoja. Kilo moja ya mafuta ya waridi, kwa mfano, hula tani 3 hadi 5 za petali. Ukiuziwa chupa kubwa ya "mafuta safi ya waridi" kwa bei ya sabuni, hesabu hiyo peke yake inakuambia ukweli.

Mafuta makali hayapakwi yenyewe kwenye ngozi, hata tone moja. Daima huchanganywa na mafuta ya kubebea (mafuta laini ya kuyazimulia, kama ya lozi), alkoholi au nta. Hayamezwi. Kijiko kimoja cha chai cha baadhi yake, kama mkaratusi, kinatosha kumpeleka mtoto mdogo hospitali. Kwa hiyo chupa kali zifunguliwe na mtu mzima, zihesabiwe kabla na baada ya kazi, zirudi kwenye kabati lenye kufuli. Watoto wa chini ya miaka miwili wasipakwe manukato yoyote. Mnanaa na mkaratusi visisogezwe kwenye uso wa mtoto mdogo, kwani vinaweza kumbana pumzi. Mjamzito na mwenye pumu waulize mhudumu wa afya kwanza. Kama mna paka, fanyeni kazi chumba asichoingia na mfungue madirisha: ini lake halina uwezo wa kuvunja viambata vingi vya mafuta haya.

Halafu kuna hatari ya jua. Mafuta ya limau, ndimu na bergamoti (ndugu mwingine wa chungwa) yaliyokamuliwa bila joto yana viambata viitwavyo furanokumarini. Vikiwa juu ya ngozi na jua kali likaipiga, ngozi inaungua, inaweza kutoka malengelenge na kubaki na madoa meusi kwa miezi. IFRA, shirika la kimataifa la wenye viwanda vya manukato, limeweka kikomo kwa bidhaa inayobaki ngozini: limau asilimia 2, ndimu 0.7, bergamoti 0.4. Chungwa tamu halina tatizo hilo, wala ndimu iliyokenekwa kwa mvuke. Nyumbani chungwa tamu liwe ndilo tegemeo lenu na limau liwe kiungo tu. Karafuu nayo isizidi asilimia 0.5 ya mchanganyiko. Mdalasini wa gome sitautumia kwenye kanuni yoyote hapa, kwa sababu kiwango chake salama ni kidogo kuliko mkono wa kawaida unavyoweza kupima kwa matone.

Kila mchanganyiko mpya upimwe: paka kidogo ndani ya mkono, chini ya kiwiko, uache saa 24 hadi 48. Pakiwasha au pakiwa pekundu, osha kwa sabuni na mchanganyiko huo usitumike kwa mtu huyo.

Mwisho wa maonyo: mvuke wa ethanoli hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Jiko lizimwe, mshumaa uzimwe, sigara isiwepo.

Kunusa kwanza, kuchanganya baadaye

Familia nyingi hukimbilia kumimina. Tumieni jioni nzima kunusa tu. Ndiyo sehemu ambayo bibi na mjukuu wa miaka sita wako sawa kabisa, na mara nyingi mjukuu humshinda.

Kata karatasi nene isiyo na harufu iwe vipande vyembamba kama vijiti vya kupimia. Andika jina la mafuta upande mmoja, mtu mzima achovye upande wa pili. Karatasi ipite, isiwe chupa. Kila mtu anuse na aseme neno moja bila kusikiliza la mwenzake: baridi, kijani, vumbi, sabuni, keki, msitu. Yaandikwe yote. Nuseni tena baada ya dakika moja, nusu saa, saa nne, na asubuhi yake. Mtaona wenyewe jambo ambalo vitabu huchukua kurasa kulieleza: chungwa, limau na mnanaa huruka haraka, lavenda, waridi na langilangi hukaa kati, sandali, vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu), ubani, pachuli (majani yenye harufu nzito) na vanila bado zipo kesho. Manukato mazuri yana wote watatu, yaani anayefungua mlango, anayezungumza na anayebaki. Mchanganyiko wa chungwa na limau peke yao unasisimua kwa robo saa kisha unatoweka, na hapo ndipo watu husema manukato asilia hayana nguvu.

Pua ikichoka, nusa mkono wa nguo yako mwenyewe au toka nje. Msinuse zaidi ya aina sita kwa kikao.

Vipimo

Tone 20 ni takriban mililita moja. Nasema takriban, maana mafuta mazito kama vetiva na sandali hudondosha matone tofauti na chungwa lililo jepesi. Mwenye mzani wa kupima sehemu ya mia ya gramu aandike uzito badala ya matone, ataweza kurudia kanuni yake bila kubahatisha. Asiye nao atumie kidodoshi kilekile kwa kila mafuta, akikisafisha kila mara kwa alkoholi.

Msitengeneze chupa kubwa siku ya kwanza. Mililita 10 zinatosha kujua kama mnaipenda.

*Manukato ya mafuta, chupa ya gololi (yenye kigololi cha kupakia mdomoni) ya mililita 10.* Mafuta ya kubebea yawe ya hohoba (jojoba). Kwa hakika hayo ni nta iliyo katika hali ya kimiminika, ndiyo maana hayachachi upesi kama mafuta ya lozi. Tia kwenye chupa tupu matone 3 ya sandali, 4 ya lavenda, 5 ya chungwa tamu, kwa mpangilio huo: zito kwanza, jepesi mwisho, ili unuse kila hatua na uache pale inapopendeza. Jaza hohoba hadi shingoni, bonyeza gololi, zungusha chupa kati ya viganja bila kutikisa kwa nguvu. Hii ni kama asilimia 6, ya watu wazima, na inapakwa kwenye vifundo vya mikono na nyuma ya masikio tu. Kwa mtoto wa shule ya msingi, matone yote yawe 2 kwa mililita 10: moja la lavenda, moja la chungwa. Atalalamika kwamba ni hafifu. Mwambie ndivyo yalivyo ya umri wake.

*Manukato ya kupuliza, mililita 30.* Hii inafuata nyayo za maji ya harufu ambayo Giovanni Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia Köln, Ujerumani, aliyatengeneza mwanzoni mwa karne ya 18 na kuyapa jina la mji wake mpya: machungwa ya kila aina mbele, majani katikati, mizizi na utomvu nyuma. Ya kwetu ina matone 4 ya vetiva, 5 ya ubani, 1 la karafuu, 3 ya langilangi, 8 ya lavenda, 2 ya mnanaa, 6 ya limau na 16 ya chungwa tamu. Jumla ni matone 45, yaani mililita 2 na robo, asilimia 7.5 ya chupa. Limau hapo ni asilimia moja tu na karafuu iko chini kabisa ya kikomo chake. Changanya mafuta peke yake kwanza kwenye chupa ndogo, yaache usiku kucha. Kesho yake ongeza mililita 10 za loweko la vanila na ujazie ethanoli mpaka mililita 30.

Sasa subiri wiki nne, chupa ikiwa imefungwa, kwenye kabati lenye giza na ubaridi. Siku ya kwanza utasikia alkoholi inayochoma na kila mafuta yakipiga kelele kivyake. Wiki ya pili mnanaa unapungua ukali. Kufikia ya nne vanila na vetiva zimeunganika na nyingine na hutaweza tena kutaja viungo kimojakimoja. Mkiona mashapo chini, wekeni chupa kwenye friji siku moja kisha mchuje kwa karatasi. Kwa kuwa loweko la vanila ni la kahawia, pulizeni kwenye ngozi. Shati jeupe litabaki na alama.

*Manukato ya nta.* Haya ndiyo ya kutengeneza pamoja na watoto wakubwa, kwa sababu hayamwagiki na yanaonekana yakigeuka mbele ya macho. Weka gramu 5 za nta ya nyuki na mililita 15 za hohoba kwenye bakuli la kioo, ulitumbukize ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka. Ikiyeyuka yote toa bakuli, koroga kwa kijiti, na subiri mpaka uone utando mwembamba wa ukungu ukianza pembeni. Hapo ndipo mahali pa kutia matone 6 ya sandali, 2 ya mnanaa na 12 ya chungwa tamu. Ukitia mapema, joto litayapeperusha na jikoni kutanukia kuliko kopo. Koroga haraka, mimina kwenye vikopo vidogo, usivisogeze hadi vigande. Ikiwa ngumu mno kusuguliwa na kidole, yeyusha tena na uongeze hohoba kijiko kimoja cha chai. Ikiwa laini sana, ongeza nta gramu moja.

Wenye mti wa asumini uani wana njia nyingine isiyotaka moto wala alkoholi. Asumini hauvumilii mvuke wa kukeneka, lakini ua lake likishachumwa huendelea kutoa harufu kwa saa nyingi. Watu wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, waliitumia tabia hiyo kwa vizazi: walipanga maua juu ya mafuta mgando, na mafuta yakainywa harufu. Paka siagi ya shea isiyo na harufu unene wa nusu sentimita kwenye sahani bapa, panga maua mabichi yasiyo na umande uso ukiangalia chini, funika kwa sahani nyingine. Baada ya saa 24 yatoe yote, hata petali moja isibaki, kisha weka mengine. Rudia mara kumi au zaidi. Maji ndiyo adui hapa, kwa maana ua lenye umande huleta ukungu na kazi yote inakwenda jalalani.

Wiki za kusubiri: kitambaa, uzi, sindano

Kitambaa cha Aida kimefumwa kwa miraba yenye matundu kwenye pembe, kwa hiyo huhitaji kuchora juu yake. Namba yake ni idadi ya miraba kwenye inchi moja. Aida 14 ndiyo ya kawaida. Aida 11 ina matundu makubwa, inamfaa mtoto anayeanza na mzee ambaye macho yake yamechoka. Uzi wa kudarizi huja kama kamba ya nyuzi sita zilizosokotwa kidogo. Kwa Aida 14 tumia nyuzi mbili, kwa Aida 11 tatu. Sindano iwe butu, namba 24 kwa Aida 14, yenye jicho refu. Ongeza fremu ya mviringo ya sentimita 12 hadi 15 na mkasi mdogo wenye ncha.

Kata uzi wenye urefu wa sentimita 45, si zaidi. Mtoto atataka mrefu ili asitunge tena, na uzi huo utajifunga mafundo kila baada ya mishono mitatu. Nyuzi zitolewe moja moja: shika ncha ya uzi mmoja, uvute moja kwa moja juu, zingine zijikunje chini zenyewe. Ukivuta mbili kwa pamoja zinasokotana.

Kuanza bila fundo, chukua uzi mmoja wa sentimita 90, ukunje katikati, tunga ncha mbili kwenye jicho la sindano. Kitanzi kinabaki mwisho. Toa sindano mbele kwenye tundu la kwanza, usivute yote. Irudishe nyuma kwenye tundu la mshazari, ipitishe ndani ya kitanzi, vuta taratibu. Uzi umejifunga wenyewe na nyuma ni bapa.

Mshono wenyewe ni mishazari miwili. Kwenda, shona mishazari ya chini ya safu nzima kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Kurudi, ifunike kwa mishazari ya kutoka kulia chini kwenda kushoto juu. Sheria moja tu isivunjwe: mshazari wa juu uelekee upande uleule kwenye kazi nzima, hata mkipokezana watu wanne. Ukielekea huku na kule, mwanga unagongana na uso wa kazi unaonekana una mabaka, na hakuna pasi itakayoliondoa hilo. Usivute sana, uzi ulale juu ya mraba bila kuupanua mdomo wa tundu. Kila baada ya mishono kumi hivi, acha sindano ining'inie ijizungushe yenyewe, msokoto ufunguke.

Kipande cha tikitimaji: misalaba 165

Kata Aida 14 ya sentimita 20 kwa 20. Mchoro ni mdogo, ila fremu inahitaji nafasi ya kushika. Kitambaa kitakatwa baadaye. Ikunje mara mbili upate katikati, tia alama kwa uzi wa rangi nyingine.

1. Safu ya kwanza, juu: misalaba 21 ya kijani kibichi.
2. Safu ya pili: misalaba 23 ya kijani hicho, imezidi mmoja kila upande.
3. Safu ya tatu: misalaba 21 ya kijani kilichopauka, karibu na nyeupe.
4. Safu ya nne: misalaba 19 ya nyekundu ya tikitimaji. Kuanzia hapa kila safu inapungua mmoja kila upande: 17, 15, 13, 11, 9, 7, 5, 3, na mwisho 1.

Nyekundu yote ni misalaba 100, namba ambayo watoto hupenda kuifikia. Kwa wanaotumia nyuzi za chapa ya DMC, nyekundu 3801, kijani 702, kijani hafifu 772 na nyeusi 310 zinaelewana vizuri. Mbegu zisishonwe kwa msalaba, zitakuwa miraba. Baada ya kumaliza nyekundu, tunga uzi mweusi mmoja na upige vifundo vitano: toa sindano mbele, zungushia uzi mara mbili kwenye sindano, irudishe ndani tundu la jirani huku ukiushika uzi ukaze kidogo kwa kidole gumba. Vipange bila mpangilio, viwili juu, kimoja kati, viwili chini kidogo. Kipande kizima kinatoka na upana wa sentimita 4.2 na kimo cha 2.4.

Aiskrimu ya kijiti, iliyong'atwa

Upana ni miraba 11, kimo 25. Hesabu nguzo kutoka kushoto, 1 hadi 11. Safu ya kwanza ni nguzo 4 hadi 8. Ya pili 3 hadi 9. Ya tatu 2 hadi 10. Ya nne mpaka ya kumi na nane ni nguzo zote 11. Kijiti ni nguzo 5 hadi 7 kwa safu sita, na safu ya saba msalaba mmoja wa katikati. Safu sita za juu ziwe nyekundu, sita za kati za chungwa, sita za chini nyeupe ya maziwa, kijiti rangi ya mbao.

Mng'ato unawekwa upande wa kulia kwa kuacha mishono: safu ya tatu acha mmoja wa mwisho, ya nne acha miwili, ya tano mitatu, ya sita miwili, ya saba mmoja. Mnaweza kuongeza mifereji kwa kubadili nguzo ya 4 na ya 8 kuwa rangi iliyopauka zaidi, kuanzia safu ya saba hadi ya kumi na sita. Nyeupe ya maziwa kwenye Aida nyeupe haionekani, hivyo zungushia ukingo kwa mshono wa kurudi, uzi mmoja wa kijivu: sindano inatokea mraba mmoja mbele na kurudi nyuma kuliziba pengo. Ukitumia Aida ya bluu hafifu, ukingo hauhitajiki kabisa, na kwa macho yangu inapendeza zaidi.

Mkitaka kubuni wenyewe, glasi ya limonadi au koni, chukueni karatasi ya miraba na penseli za rangi. Mduara mdogo kuliko miraba saba usijaribiwe. Utatoka pembe nane.

Kuosha na kushona kifuko

Osha kazi kwa maji baridi na sabuni laini. Nyekundu ikitoa rangi usiiache ikauke: endelea kusuuza kwa maji baridi hadi yawe meupe. Kandamiza ndani ya taulo, usikamue kwa kupinda. Piga pasi ikiwa na unyevu, uso ukiwa chini juu ya taulo nene, la sivyo vifundo vya mbegu vitalala.

Kwa chupa ya gololi ya mililita 10, kata kitambaa cha mbele sentimita 8 kwa 14, mchoro ukiwa katikati kwa upana na karibu na chini. Kata cha nyuma saizi hiyohiyo, pamba ya kawaida. Kunja sentimita 2 za juu za kila kimoja na uzishone ziwe njia ya kamba. Weka nyuso zikitazamana, shona pande mbili na chini ukiacha sentimita moja ya ukingo, bila kuziba njia ya kamba. Zungushia kingo za Aida mshono wa kuzuia kufumuka, kwani hufumuka upesi. Geuza, pitisha utepe.

Msipulize manukato kwenye darizi. Alkoholi inaweza kuyeyusha rangi ya uzi, na mafuta huacha doa lisilotoka. Mkitaka kifuko kinukie, dondosheni matone mawili kwenye kipande cha mbao isiyopakwa rangi, kikauke siku nzima, kisha kifungwe ndani ya kitambaa cha pamba na kuwekwa chini ya chupa.

Kwenye kila chupa bandika jina, viungo vyote, asilimia, tarehe, na maneno "si ya kunywa". Ya mafuta na ya nta yatumike ndani ya mwaka mmoja. Ya kupuliza hukaa zaidi, ila machungwa yake huchoka mapema, na mafuta ya machungwa yaliyozeeka huwasha ngozi kuliko mapya. Harufu ikigeuka kuwa ya rangi ya mafuta ya kupakia kuta, mwaga, osha chupa. Kifuko kitabaki kikisubiri nyingine.